SOMO LA WANACHAMA: USAFI NA USALAMA WA ZAHANATI YETU



Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995, inavitaka vyama vijali jamii inayovizunguka. Chama kinachotoa fedha kusaidia zahanati kinaitimiza kanuni hiyo. Lakini kutoa fedha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mgonjwa aliyeingia na homa hatoki na ugonjwa mwingine.

1. Mikono

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia akina mama waliokuja kujifungua. Vifo vya homa ya uzazi, vilivyofikia 18 kwa kila mia mwezi Aprili, vilishuka hadi kiasi cha 2 kwa mia mwezi Juni. Kanuni haijabadilika: maji yanayotiririka na sabuni, kwa sekunde 40 hadi 60, kabla na baada ya kumshika kila mgonjwa. Pasipo bomba, ndoo yenye koki yatosha.

2. Sindano na vyombo

Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja. Ikishatumika isirudishiwe kifuniko, bali itumbukizwe papo hapo katika sanduku gumu la usalama, nalo lifungwe likijaa robo tatu. Ncha iliyotupwa ovyo yaweza kumwambukiza muuguzi, mfagizi, au mtoto achezaye kando ya shimo la taka homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI.

Vyombo vinavyotumika tena, ambavyo zamani vililoweshwa kwanza dakika 10 katika maji ya klorini ya asilimia 0.5, husuguliwa kwa sabuni, kisha hutakaswa kwa mvuke au kwa kuchemshwa. Dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, nayo huchanganywa upya kila siku.

3. Leja

Mkaguzi wa ushirika si mganga, wala hamfundishi mganga kazi yake. Hata hivyo leja husema mengi. Katika zahanati moja niliyoikagua palikuwa na stakabadhi za rangi ya ukuta wa mbele, lakini kwa miezi mitatu hapakuwa na hata mche mmoja wa sabuni ulioingizwa bohari. Hesabu zilikuwa sawasawa na hakuna senti iliyopotea. Mikono ndiyo haikunawiwa.

Kwa hiyo sabuni, klorini, glavu na masanduku ya sindano viwe na kifungu chao katika makisio ya mwaka, wala kifungu hicho kisihamishiwe kazi nyingine. Katibu na wajumbe wawili wa kamati waitembelee zahanati kila mwezi, walinganishe leja na bohari mbele ya Mganga Mfawidhi, na taarifa yao isomwe katika mkutano wa wanachama.

Maswali ya kujadiliwa

(a) Makisio yetu ya mwaka huu yana kifungu cha usafi wa zahanati?
(b) Sabuni iliyopo bohari itatosha siku ngapi?
(c) Shimo la taka lina uzio, na ufunguo wake anao nani?