Nani atalipa zaidi kwa nyama ya kilimo hai?

Somo kwa wafugaji na wenye bucha

Mfugaji wa Masinga au Yatta ambaye mbuzi wake hushinda porini wakila majani na maganda ya migunga huuliza swali la haki: kwa nini mnunuzi anampa bei ile ile anayompa mtu mwingine yeyote? Kabla ya kumlaumu dalali, tuangalie kama mlaji wa mwisho yuko tayari kulipa zaidi, na analipia nini hasa.

Utayari huo upo, na tumeuona kwa kuku. Hapa Machakos mjini, Tala na Kangundo, kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko broila, na wateja hawanung'uniki. Wanalipia ladha, supu nzito, na imani kwamba kuku huyo hakukuzwa kwa haraka kwa madawa. Neno muhimu hapo ni imani. Mteja akiuziwa kuku wa mayai aliyechoka kwa jina la kienyeji, safari ijayo hatoi ile nyongeza, hata kwa muuzaji mwaminifu. Mwaka wa 2019, taarifa ya runinga kuhusu kemikali za kuhifadhi nyama katika maduka makubwa ilizua gumzo nchi nzima. Watu wengi walianza kumuuliza mwenye bucha nyama imetoka wapi, jambo ambalo awali hawakulijali sana.

Hata hivyo, tusichanganye kienyeji na kilimo hai. Mbuzi wa porini anayeogeshwa dawa ya kupe kila wiki na kudungwa sindano bila kumbukumbu hajafikia kiwango. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkulima anaweza kukaguliwa na shirika la uthibitishaji, au kujiunga na kikundi ambacho wanachama wake hukaguana na kudhaminiana, njia ambayo mtandao wa KOAN umeitumia na wakulima wadogo. Mnyama akiugua, atibiwe. Hakuna kiwango kinachotaka afe kwa ajili ya alama. Ila muda wa kusubiri kabla ya kuchinja baada ya dawa lazima uheshimiwe, na viwango vya kimataifa vya kilimo hai huufanya mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye chupa.

Sasa tuje kwenye fedha. Ukimuuliza mteja, "Ungelipa zaidi kwa nyama isiyo na dawa?" karibu kila mtu atasema ndiyo. Jibu halimgharimu kitu. Watafiti wa masoko wanalijua tatizo hili vizuri: kinachosemwa kwa mdomo huwa kikubwa kuliko kinachotoka mfukoni. Kwa hiyo usiulize, pima. Jumamosi moja, mwenye bucha aweke nyama ya mbuzi wako upande mmoja na ya kawaida upande mwingine, aeleze tofauti kwa ukweli, kisha ahesabu waliochagua kila upande. Wiki inayofuata abadilishe bei, wala asibadilishe kitu kingine.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme nyama ya kawaida ni Sh600 kwa kilo, mbuzi wako ametoa kilo 12, na kumfuga kwa masharti ya kilimo hai kumekugharimu Sh900 zaidi: ukaguzi, muda wa daftari, na kukua polepole. Hiyo ni Sh75 kwa kila kilo. Ukiuza kwa Sh650, kilo zote 12 zinaisha na unapata nyongeza ya Sh600. Umepungukiwa Sh300, ingawa bucha ilijaa watu. Ukiuza kwa Sh700, tuseme wanaokubali wanachukua kilo 5 tu na zilizobaki zinaenda kwa bei ya kawaida. Nyongeza ni Sh500. Umepungukiwa zaidi.

Ili ujilipe kwa bei ya Sh700, unahitaji kilo 9 zipate wenyewe. Wafugaji wengi hukwama hapa kwa sababu wanachinja kwanza na kutafuta wateja baadaye. Anza upande wa pili: pata oda za kilo 9 kutoka kwa familia za Syokimau, Mlolongo au Athi River, ama mkahawa mmoja, ndipo umpeleke mbuzi kichinjioni. Mwenye friji ndogo hawezi kusubiri wateja watano wa kila Jumamosi. Na kama oda hazifiki, ni heri kuuza kama kawaida na kuacha gharama za ukaguzi kwa sasa. Hakuna aibu katika hilo.

Muhuri wa mkaguzi wa nyama ni wa lazima kwa nyama yoyote, ya kilimo hai au la. Muhuri huo hauthibitishi kilimo hai, na mwenye bucha asiutumie kumshawishi mteja hivyo.

Kwa kuanza, daftari lenye safu tano linatosha: namba ya mnyama, chakula alichonunuliwa, dawa aliyopewa, tarehe ya dawa, na tarehe anayoruhusiwa kuchinjwa. Mteja anayelipa Sh100 zaidi ana haki ya kuomba kuliona. Afisa wa mifugo wa wadi yako anaweza kukusaidia kulipanga.