Oili Inavuja Wapi? Tulichunguze Gari la Mtumba



Leo tunaacha kidogo mambo ya mahindi na ng'ombe. Tutazungumza juu ya gari. Wengine watasema gari ni mambo ya matajiri wa mjini. Sivyo tena. Hapa Hirbadaw na katika vijiji vingine vya Hanang, pikapu iliyotumika ndiyo inayopeleka alizeti na mahindi Katesh. Usiku, hiyo hiyo inambeba mgonjwa hadi hospitali. Wengine huinunua kwa kuchangiana, nyumba kwa nyumba. Basi ikifa, wengi wamepata hasara.

Magari mengi ya mtumba hutoka Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto kama sisi. Hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Yakifika huku kwetu, mengi yameshafanya kazi miaka 10 na zaidi. Chuma chake huenda bado ni kizima. Lakini mpira umezeeka, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyozunguka kwa kasi sana. Oili hupita katikati yao ili visisagane. Ili oili isitoke nje, mahali vyuma viwili vinapoungana pametiwa gasketi. Na mahali mtaimbo unaozunguka unapotokeza nje ya injini pametiwa sili, yaani pete ya mpira. Joto la miaka mingi hukausha vitu hivi. Vinakuwa vigumu kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani. Vikipasuka, oili inatoka.

Sasa tuchukue mfano. Wakulima wamenunua pikapu. Asubuhi wanaona doa jeusi chini ya gari, pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi anainama, anachungulia, anasema: "Sili ya nyuma imekwisha, wazee. Tushushe giaboksi." Huenda anasema kweli. Lakini sili yenyewe ni kitu kidogo. Kazi ya kuifikia ndiyo ghali, maana giaboksi lazima itoke kwanza. Na kama oili ilikuwa inatokea mahali pengine, fedha zitakwenda na doa litabaki.

Hebu fikirini paa la bati linalovuja. Maji yanadondokea kitandani, lakini tundu haliko juu ya kitanda. Maji yaliingia kule juu, yakafuata mbao, ndipo yakaanguka. Oili nayo ni hivyo hivyo. Inateremka, tena gari likienda upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo doa la chini na nyuma linaweza kuwa limetokea juu na mbele. Pale inapodondokea sipo inapotokea.

Kwanza tujue ni oili ya nini. Weka boksi safi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tazama. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, inateleza. Oili nyekundu mara nyingi ni ya stelingi au ya giaboksi ya otomatiki. Oili nzito yenye harufu kali ni ya giaboksi au difu. Majimaji mepesi karibu na gurudumu yaweza kuwa ya breki. Hapo gari lisiondoke kabisa. Maji ya rangi, ya kijani au mekundu, ni ya rejeta. Haya yafukieni haraka, maana yana utamu na yana sumu. Mbwa akiyalamba anaweza kufa.

Ikiwa ni oili ya injini, basi tuoshe injini. Wengi hawapendi kazi hii, na mafundi wengine huiruka, lakini bila kuosha tunabahatisha tu. Injini iwe baridi. Funika waya na mdomo wa kuvutia hewa kwa mfuko wa plastiki. Sugua kwa brashi, maji na sabuni ya unga, kisha iache ikauke. Msioshe kwa petroli. Watu wameungua kwa njia hiyo.

Ikikauka, washeni injini dakika 10 au 15, mkitazama kwa tochi. Mikono na nguo ziwe mbali na feni na mikanda. Ikiwa hakuna kitu, endesheni hadi kijiji cha jirani na kurudi. Vumbi letu la kiangazi, ambalo tunalilaumu kila siku, hapa linatusaidia. Vumbi hushika zaidi penye oili. Mkifuata alama yake kwenda juu, mtafika pale inapoanzia. Mvua ikiwa imenyesha, nyunyizieni poda ya mtoto.

Tazameni kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa kuna kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Gasketi yake huchoka upesi, na kuibadilisha ni kazi nyepesi katika injini nyingi. Kisha swichi ya oili, kile kidude chenye waya kinachowasha taa nyekundu. Kisha filta. Wakati mwingine filta ya zamani ikitolewa, pete yake ya mpira hubaki imeganda kwenye injini. Mtu akifunga filta mpya juu yake, pete zinakuwa mbili na oili inamwagika. Halafu sampo, yaani bakuli la chini la oili, na nati yake ya kumwagia. Msikaze nati za sampo kwa nguvu zote. Bati lake likipinda, gasketi haitakaa tena. Sili ya mbele iko nyuma ya puli. Sili ya nyuma iwe ya mwisho kulaumiwa.

Kabla ya kununua sili yoyote, tazameni bomba la kupumulia. Injini inapofanya kazi, hewa yenye shinikizo hukusanyika ndani na lazima itoke. Bomba likiziba kwa uchafu, hewa inasukuma oili itoke penye udhaifu wowote. Mtu anaweka sili mpya, baada ya mwezi inavuja tena, anamlaumu mwenye duka. Kumbe ni bomba.

Atakayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake. Wekeni magogo imara, na mawe nyuma ya magurudumu. Tena, oili inayodondokea ekzosti inaweza kuwaka moto. Mkisikia harufu yake ndani ya gari, simameni. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zimeni injini hapo hapo. Msiseme tutafika. Injini isiyo na oili hufa kwa dakika chache.

Neno kwa wanaokwenda kununua: ukikuta gari zima lina vumbi lakini injini inang'aa, jiulize kwa nini imeoshwa. Omba kuliendesha nusu saa, kisha fungua boneti utazame upya. Muuzaji mwema hatakataa.

Tumalizie kwa hesabu. Injini ya pikapu yetu inachukua lita 5 za oili. Inapoteza lita 1 kila kilomita 500. Dereva amekwenda kilomita 1,500 bila kuchomoa kijiti cha kupimia. Je, zimebaki lita ngapi? Na akiendelea kilomita 500 nyingine, zitabaki ngapi? Andikeni majibu katika daftari, mwonyeshane.