Kupima Rangi ya Shira ya Mepoli

Shira tuijuayo sisi ni ile ya sukari iliyochemshwa, wanayotilia mama zetu kaimati na visheti. Lakini huko Kanada, hasa katika jimbo la Quebec, na pia katika jimbo la Vermont, Marekani, iko shira itokayo mtini. Mti huo huitwa mepoli. Majira ya baridi yanapokwisha, usiku maji yakiwa bado huganda na mchana kuna joto kidogo, watu hutoboa shina na kukinga utomvu wake. Utomvu huo ni kama maji, kwani sukari yake ni kiasi cha sehemu 2 tu katika 100. Basi huchemshwa mpaka lita 40 hivi zibakie lita 1.

Shira ya mwanzo wa msimu ina rangi ya dhahabu, na ya mwisho huwa nyeusi kama kahawa. Kwa nini? Joto likizidi, vijidudu huongezeka katika utomvu na kuivunja sukari yake kuwa glukosi na fruktosi. Sukari hizi zichemshwapo hugeuka rangi upesi zaidi, na ladha nayo huwa kali. Kwa hiyo shira hugawanywa namna nne: Dhahabu, Kaharabu, Nyeusi na Nyeusi Sana.

Lakini nani aamue? Jicho la muuzaji na jicho la mnunuzi hayapatani siku zote. Kama vile sokoni tunavyohitaji mizani, hapa pia chahitajika chombo cha haki.

Chombo cha kwanza ni kisanduku cha vichupa vyenye rangi za mfano. Shira hutiwa katika kichupa cha ukubwa ule ule, ikawekwa kando ya mifano, na vyote vikatazamwa kwenye nuru. Ni chombo rahisi, ila rangi zake hupauka zikikaa mwangani, kwa hiyo lazima zifichwe gizani na kubadilishwa.

Cha pili hutumia vioo vya rangi badala ya maji ya rangi. Mwingereza Joseph Lovibond, aliyekuwa mpika bia, alibuni chombo cha namna hiyo katika karne ya 19 ili apime rangi ya bia yake.

Cha tatu ni spektrofotomita, nacho hakitegemei jicho. Hupitisha nuru yenye mawimbi ya nanomita 560 katika shira yenye unene wa milimita 10. Kwanza hupimwa gliserini safi, ambayo huhesabiwa kuwa 100. Shira ikipitisha nuru 75 au zaidi ni Dhahabu. Kuanzia 50 lakini chini ya 75 ni Kaharabu. Kuanzia 25 lakini chini ya 50 ni Nyeusi. Na chini ya 25 ni Nyeusi Sana.

Unene huo wa milimita 10 si jambo dogo. Mimi nilimimina chai ya rangi ya birika moja katika gilasi nyembamba na gilasi pana, nikawauliza wenzangu watatu ipi imekolea zaidi. Wote walionyesha ile pana! Povu na ukungu navyo hudanganya, maana huizuia nuru.

Tena tusisahau kwamba chombo hiki hupima nuru tu. Hakijui kama shira imeungua au ina uchafu. Hayo huamuliwa kwa ulimi, pua na macho. Zamani huko Marekani shira nyeusi iliwekwa daraja B, na wengi wakadhani ni mbaya, kumbe ladha yake ni kali tu. Mwaka 2015 serikali yao ilibadili kanuni: namna zote nne, zikiwa safi na zenye ladha njema, ni daraja A, na kila moja hutajwa kwa rangi na ladha yake.

Sasa msomaji, jipime. Chupa moja yapitisha nuru 74, na ya pili 76. Jicho lako laweza kuzitenga? Hata hivyo moja ni Kaharabu na nyingine ni Dhahabu. Ndiyo maana mkulima na mnunuzi wote wawili wanahitaji chombo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne