Unyevu katika Boriti: Namna ya Kuupima kwa Vihisio Visivyo na Waya

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ukutani. Ni vyema ikafahamika kuwa boriti aghalabu huanza kuoza penye ncha hizo, mahali ambapo jicho halifiki. Mkaazi huona dari iliyopakwa chokaa safi, ilhali ndani mti umekwisha kuwa unga. Sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Sababu za tukio hilo si maudhui ya makala haya, lakini uzito wa majengo haya umedhihirika kwa kila mtu.

Unyevu wa mti ni uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa mti huo uliokaushwa kabisa. Kipande cha gramu 120 kikikaushwa kikabaki gramu 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 20. Chini ya kiwango hicho kuvu waozeshao mti hawastawi. Ukikaribia asilimia 30 na kudumu hapo, huwa wamepata makaazi.

Kihisio huwa na misumari miwili inayopigiliwa katika boriti. Mti mkavu huzuia umeme, na kadiri unavyolowa ndivyo unavyoupitisha. Chombo hupima tofauti hiyo, hukadiria athari ya joto, kisha hupeleka tarakimu kwa mawimbi ya redio, kwa nguvu ya betri. Kwa hivyo hapana haja ya kupitisha waya katika kuta za kale.

Tarakimu ya siku moja haina maana kubwa. Unyevu ukipanda wakati wa masika kisha ukashuka, hiyo ni kawaida. Ukipanda usishuke, utafutwe mlizamu ulioziba, bomba linalovuja, au lipu ya saruji inayozuia ukuta wa chokaa kupumua. Tahadhari moja ni muhimu hapa kwetu: chumvi ya bahari hupitisha umeme, hivyo chombo huweza kuonesha unyevu mkubwa kuliko uliopo. Aidha, kuta nene hudhoofisha mawimbi ya redio.

Matengenezo yoyote yatakayofuata yapate kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.