Kocha wa maisha amenikataza dawa

*Mwaka jana nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, mimba ikiwa ya miezi minane. Hospitali walinipa dawa za sonona na kunipangia mshauri nasaha, lakini foleni ikanichosha. Rafiki yangu akanipeleka kwa kocha wa maisha anayefahamika sana mitandaoni. Kwenye semina alinisimamisha mbele ya watu nisimulie siku ile yote huku narekodiwa. Akaniambia niache dawa kwa sababu zinanifunga, na nimwepuke mamangu kwa kuwa matatizo yangu yametoka kwake. Sasa silali, usiku nasikia mtoto akilia. Kocha anasema sijajitoa vya kutosha, nilipe shilingi 30,000 niingie kiwango cha pili. Mume wangu yuko tayari kukopa. Je, mwenye kasoro ni mimi?*
*Mama wa Kisauni, Mombasa*

Pole sana mwanangu kwa kumpoteza mtoto. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ambapo huyo kocha alikupa.

Huna kasoro. Na hizo 30,000 msikope wala msilipe.

La dharura ni dawa. Dawa za sonona haziachwi ghafla. Mwili uliozizoea ukizikosa unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Ndiyo maana daktari huzipunguza kidogo kidogo huku akikuangalia. Rudi kliniki ileile wiki hii, mwambie daktari uliziacha lini, na usianze tena kuzimeza kwa kukisia. Mweleze pia kuhusu kilio unachokisikia. Waliofiwa wengi husikia sauti ya marehemu wao na haina maana kwamba wamerukwa na akili, ila wa kupima hilo ni mtu aliyelisomea. Ukiingiwa na fikra za kujidhuru, usingoje wiki iishe. Mwamshe mumeo mwende hospitali saa hiyohiyo, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Makocha wa maisha wana kazi yao. Mtu anayetaka kupanga biashara, kubadilisha ajira au kuzoea kuzungumza mbele ya watu anaweza kufaidika nao. Hata miiko ya International Coaching Federation, chama kikubwa cha makocha duniani, inamtaka kocha amwelekeze mteja kwa mtaalamu mwingine panapohitajika. Kocha wako alikuta mama aliyefiwa na mtoto, anayemeza dawa za hospitali, akaamua kumtibu yeye mwenyewe, tena hadharani. Mtaalamu wa kiwewe huanza kwa kukufundisha namna ya kutulia pale kumbukumbu inapokuvamia, kisha mnaigusa polepole, faraghani, kwa kasi unayoimudu wewe. Kumsukuma mtu aimwage habari yote kwa mkupuo kunaweza kumrudisha katika siku ile na kumwacha hukohuko.

Linaloniudhi zaidi ni hilo la kwamba hujajitoa vya kutosha. Tiba ikikwama, aliyefunzwa hujiuliza amekosea wapi, humwendea msimamizi wake, hubadilisha njia. Huyu wako amekubebesha wewe lawama, halafu akakutajia bei.

Kenya tunayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Kabla hujamfungulia mtu moyo wako tena, muulize amesajiliwa wapi, amesomea nini, na nani anamsimamia kazi yake. Mtaalamu wa kweli hakasirikii maswali hayo.

Sasa ile video. Kukubali kurekodiwa siku ile hakumpi ruhusa ya milele. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuondoa idhini yako, na habari za afya inazihesabu kuwa nyeti. Mwandikie ujumbe aifute, weka nakala, na akikataa peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji kumlipa yeyote kwa hilo.

Mamako mpigie leo. Huenda mna yenu ya kusemezana, kama mama na binti wengine, na mshauri wa hospitali atawasaidia mkitaka. Lakini mtu anayekutenga na jamaa zako huku anakudai pesa, mkimbie.

Mumeo naye asome jibu hili. Alikuwa tayari kuingia deni ili upone, na nadhani hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona. Yeye pia alifiwa siku ile, na sijui kama kuna aliyemuuliza analala vipi. Nendeni kliniki wawili.