Kwa Nini Dawa Haimalizi Virusi vya Ukimwi?

Katika vikundi vyetu swali hili halikosi: ikiwa kipimo chaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu, mbona daktari anasema tuendelee kumeza dawa? Si tumepona?

Basi tuelezane. Virusi huingia ndani ya chembechembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, na kuzaana humo. Dawa za ARV huzuia kuzaana huko. Lakini chembe chache huwa zimelala, na virusi vimelala ndani yake, kama mbegu ya magugu inayongoja mvua. Dawa haivifikii. Ukiacha dawa vinaamka, mara nyingi baada ya majuma machache tu.

Hata wataalamu walidanganyika. Mwaka 2010 huko Mississippi, Marekani, mtoto mchanga alianzishiwa dawa akiwa na saa 30 tu tangu azaliwe. Alipofika kama miezi 18 matibabu yakakatika. Ajabu ni kwamba virusi havikuonekana, na mwaka 2013 ulimwengu ukaambiwa mtoto amepona. Akakaa zaidi ya miaka miwili bila dawa. Julai 2014 ikatangazwa kwamba virusi vimerudi, naye akarudishwa kwenye dawa.

Wapo waliopona kweli, ila wahesabika. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alikuwa na saratani ya damu pia. Mwaka 2007 na 2008, mjini Berlin, alipandikizwa uboho wa mtu ambaye chembe zake hazina ule mlango ambao virusi hivyo huupitia. Virusi havikurudi hadi kifo chake mwaka 2020. Saratani ndiyo iliyomuua. Lakini matibabu hayo yenyewe yaweza kuua, kwa hiyo hayapewi mtu asiye na saratani. Ndiyo sababu wachunguzi wanatafuta njia nyingine, kama kuviamsha virusi vilivyolala ili viuawe.

Sisi Wakenya tusisahau Kemron. Ilitangazwa hapa mwaka 1990 kwa shangwe kubwa. Baadaye huko Uganda wagonjwa walioipewa walilinganishwa na waliopewa kitu kisicho na dawa ndani. Haikuonekana kusaidia.

Kwa hiyo mtu akija sokoni, au hata kanisani, akisema ana tiba, tumuulize: waliopona walipimwa na nani? Wamekaa muda gani bila ARV? Walilinganishwa na akina nani? Kuombewa ni vizuri, lakini maombi hayakatazi vidonge.

Ya kujadili kikundini: mwenzetu akiambiwa amepona na kuacha dawa, nani kati yetu atakwenda kumwona juma hili, na atamwambia nini?