Amri ya Tano na Kitako cha Bunduki

Huenda baba wa familia kule Itigi au Manyoni akauliza: mabishano ya Wamarekani juu ya bunduki yatuhusu nini sisi wa Singida, ambao silaha tuijuayo zaidi ni gobore? Yatuhusu, maana swali lenyewe ni la Amri ya Tano.

Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja aliwamiminia risasi watu waliokusanyika kusikiliza muziki. Baadhi ya bunduki zake zilitiwa kitako cha pekee, ambacho huutumia mshindo wa bunduki yenyewe kuisukuma nyuma na mbele, hata kifyatulio kikakigonga kidole mfululizo. Bunduki ya risasi moja moja ikawa kama rashasha. Serikali ilikipiga marufuku kitako hicho. Lakini tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikalitangua katazo hilo. Majaji hao sita hawakukisifu kitako. Walisema tu kwamba sheria ya 1934 yaita rashasha ile bunduki itoayo risasi nyingi kwa mfyatuo mmoja, na kwamba hii hufyatuliwa upya kwa kila risasi.

Hatuwalaumu kwa kuyashika maneno ya sheria; hakimu ajitungiaye sheria ni hatari vilevile. Ila mzigo wawarudia watunga sheria. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2316, yafundisha kwamba wenye mamlaka wana haki na wajibu wa kuusimamia utengenezaji na uuzaji wa silaha. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania iliitia sahihi, ilichagua njia fupi: raia asimiliki rashasha, wala bunduki ijipakiayo risasi yenyewe. Asiye na bunduki hiyo, kitako atakifunga wapi?

Hata hivyo tusijisifu. Gobore hushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu na hupiga mara moja tu. Basi wengine hulihesabu pamoja na jembe na shoka. Aliyeuawa nalo porini amekufa kama yule wa Las Vegas, na kulimiliki bila kibali ni kosa. Serikali imekwisha kutoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari pasipo kushtakiwa, kama ule wa 2022. Kikitangazwa kingine, mwenye gobore la namna hiyo alipeleke kituoni mchana, wanawe wakimwona.